Jibu la Filipo: Tunachojifunza kwa Wasanii Weusi Waliohukumiwa Kabla ya Kutazamwa



Katika sura ya kwanza ya Injili ya Yohane (Yn 1:45-51), Filipo anamwendea rafiki yake Nathanaeli na kumweleza kwamba wamempata yule ambaye Musa na manabii waliandika habari zake, naye anatoka Nazareti. Nathanaeli anauliza kama jambo jema laweza kutoka mji kama ule. Tusimhesabu Nathanaeli kuwa mtu mbaya. Mistari michache baadaye Bwana mwenyewe anamsifu kuwa ni Mwisraeli asiye na hila. Hapo ndipo penye onyo kwetu: mtu mwema, mwenye kuyajua Maandiko, alikwisha toa hukumu juu ya mtu kwa sababu ya mahali alikotoka, hata kabla hajamwona.

Filipo habishani naye. Hatoi hotuba ya kuitetea Nazareti. Anamwalika tu aje ajionee. Naye Nathanaeli, na hili ni la kumsifu, anainuka na kwenda.

Katika somo hili tunataka kuwatazama wasanii watatu weusi wa Marekani: mchongaji sanamu Edmonia Lewis, mchoraji Henry Ossawa Tanner, na mwimbaji Marian Anderson. Wote watatu walikutana na swali la Nathanaeli, tena likiwa limevaa mavazi makali zaidi: je, sanaa njema yaweza kutoka kwa mtu mweusi? Tutaona walivyojibu, nani waliwasaidia, na maisha yao yanatudai nini sisi tunaojiandaa kupokea na kulea karama za watu wa Mungu. Mwishoni tumeweka maswali kwa ajili ya tafakari ya binafsi au ya vikundi.

1. Edmonia Lewis: nyundo mkononi mwake mwenyewe

Edmonia Lewis alizaliwa mnamo mwaka 1844 katika jimbo la New York. Baba yake alikuwa mtu mweusi, na mama yake alikuwa na asili ya Kiafrika na ya Waojibwe, wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini. Alifiwa na wazazi wote wawili angali mtoto, akalelewa na dada za mama yake, ambao waliishi kwa kuuza vikapu na viatu vya ngozi kwa wageni waliokuja kutazama maporomoko ya Niagara. Kaka yake, Samuel, alikwenda magharibi kutafuta riziki wakati wa kukimbilia dhahabu, na fedha aliyoipata huko ndiyo iliyomsomesha Edmonia.

Mwaka 1859 aliingia Chuo cha Oberlin huko Ohio, mojawapo ya vyuo vichache mno vilivyopokea wanawake na watu weusi wakati ule. Kwa kipimo cha siku hizo, hapo palikuwa mahali pa watu wenye nia njema. Lakini mwanzoni mwa mwaka 1862 wanafunzi wenzake wawili wa kizungu waliugua baada ya kunywa divai yenye viungo, na Edmonia akashtakiwa kwamba aliwawekea sumu. Kabla shauri halijasikilizwa, watu walimkamata usiku, wakampiga vibaya na kumwacha uwanjani katika baridi kali. Waliofanya hivyo hawakufikishwa mahakamani. Yeye aliyepigwa ndiye aliyefikishwa.

Aliyesimama kumtetea ni John Mercer Langston, mwanasheria mweusi aliyesoma chuo hichohicho. Langston alionyesha jambo moja la wazi: hakuna aliyepima chochote kuthibitisha kwamba sumu ilikuwapo. Shauri likatupwa. Hata hivyo minong'ono haikutupwa. Mwaka uliofuata Edmonia alituhumiwa kuiba vifaa vya kuchorea. Hilo nalo halikuthibitishwa, lakini hakuruhusiwa kujiandikisha kwa muhula wake wa mwisho. Aliondoka bila shahada. Chuo hicho kilimpa stashahada yake mwaka 2022, miaka 115 baada ya kifo chake.

Huko Boston alijifunza uchongaji, akatengeneza sanamu ya kichwa na mabega ya Kanali Robert Gould Shaw, afisa wa kizungu aliyekufa mwaka 1863 akiongoza kikosi cha askari weusi. Nakala za jasi za sanamu hiyo ziliuzwa kwa wingi, na kwa fedha hiyo Edmonia alivuka bahari mwaka 1865. Kufikia mwaka 1866 alikuwa na karakana yake mjini Roma, na huko aliishi imani yake ya Kikatoliki.

Hapa kuna jambo tunaloomba msomaji alizingatie. Wachongaji wengi wa siku zile walifinyanga mfano kwa udongo, kisha kazi ngumu ya kukata marumaru ikafanywa na mafundi wa Kiitalia waliolipwa ujira. Ilikuwa desturi, na msanii hakudharauliwa kwa kuifuata. Lakini Edmonia alijua kwamba yeye hangesamehewa kitu ambacho wenzake walisamehewa. Kama mkono wa fundi mwingine ungeonekana kwenye jiwe lake, watu wangesema mara moja kwamba kazi si yake. Kwa hiyo alishika nyundo na patasi akachonga mwenyewe. Mwanamke mfupi wa kimo akakata jiwe kubwa kwa mikono yake, ili asiwepo wa kuuliza ni nani aliyelikata.

Mwaka 1867 alimaliza sanamu iitwayo "Huru Milele", yenye mwanamume mweusi aliyesimama akiwa ameinua mkono wenye mnyororo uliokatika, na kando yake mwanamke aliyepiga magoti. Mwaka 1875 alimchonga Hajiri, mjakazi aliyefukuzwa nyumbani kwa Abrahamu, ambaye Mungu alimwona jangwani. Hahitaji mtu kuelezwa kwa nini binti huyu alimchagua Hajiri.

Mwaka 1876, katika maonesho makubwa ya Philadelphia ya kuadhimisha miaka 100 ya taifa la Marekani, alionyesha "Kifo cha Cleopatra", marumaru yenye uzito wa zaidi ya kilo 1,300. Wachongaji wengine walizoea kumwonyesha malkia huyo katika uzuri wake, akiwaza kifo. Edmonia alimwonyesha amekwisha kufa, kichwa kimelegea. Baadhi ya wahakiki walishtuka, wengine walisifu nguvu ya kazi hiyo. Lakini wote walilazimika kusimama mbele yake na kutazama.

Je, mambo yaliishia hapo kwa furaha? Hapana, na tusimdanganye msomaji. Sanamu ile ilipotea machoni pa watu. Kwa miaka mingi ilikaa juu ya kaburi la farasi wa mashindano aliyeitwa Cleopatra, karibu na Chicago, kisha ikatupwa katika uwanja wa kuhifadhia vifaa. Ilifika katika Jumba la Sanaa la Smithsonian mjini Washington mwaka 1994. Edmonia mwenyewe alifariki London mwaka 1907, akazikwa katika makaburi ya Wakatoliki ya Mtakatifu Maria, Kensal Green. Kaburi lake lilisahauliwa hadi lilipowekewa jiwe jipya mwaka 2017.

2. Henry Ossawa Tanner: Maria asiye na taji la nuru

Henry Ossawa Tanner alizaliwa Pittsburgh mwaka 1859. Mama yake, Sarah, alizaliwa utumwani na akaokolewa na mtandao wa siri uliowasaidia watumwa kukimbia. Baba yake alikuwa mchungaji, na baadaye askofu, katika Kanisa la African Methodist Episcopal, ambalo lilianzishwa na Wakristo weusi. Kwa hiyo Henry alikulia kati ya Biblia na kumbukumbu ya minyororo.

Akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu aliingia chuo cha sanaa cha Pennsylvania, mjini Philadelphia, akafundishwa na mchoraji mashuhuri Thomas Eakins. Mwalimu alimheshimu. Wanafunzi ni habari nyingine. Mmoja wao, Joseph Pennell, aliandika baadaye katika kumbukumbu zake jinsi usiku mmoja walivyomtoa nje kijana mweusi waliyesoma naye, wakamfunga kwenye kiegemeo chake cha kuchorea kama mtu anayesulubiwa, na kumwacha katikati ya barabara kuu ya mji. Wanahistoria wanamtambua kijana huyo kuwa ni Tanner. Pennell alisimulia kisa hicho bila dalili ya majuto. Wapendwa, namna waliyoichagua vijana hao kumdhalilishia mwenzao ni ile ya msalaba. Tunalisoma hili kwa uchungu.

Mwaka 1889 Tanner alifungua studio ya picha huko Atlanta, biashara ikafa. Mchungaji Mmethodisti, Joseph Hartzell, na mke wake wakamwandalia maonesho huko Cincinnati mwaka 1890. Hakuna aliyenunua hata picha moja. Basi wenyeji wake wakazinunua zote wenyewe, ili kijana apate nauli. Januari 1891 akasafiri kwenda Roma. Alipopita Paris akabaki, na huko ndiko alikoishi hadi alipofariki mwaka 1937.

Mwaka 1893 alichora picha ya mzee mweusi akimfundisha mjukuu wake kupiga banjo. Wakati huo watu weusi wakiwa na banjo walichorwa kwa kawaida ili wachekwe. Tanner alichora chumba maskini, mwanga wa moto na wa dirisha, mtoto aliyezama katika kujifunza, na mzee anayerithisha kitu cha thamani. Hakubishana na vichekesho vile kwa maneno. Alichora ukweli kando yake.

Kisha akageukia Maandiko Matakatifu. Picha yake ya Danieli katika tundu la simba ilitajwa kwa heshima katika maonesho ya Paris ya mwaka 1896. Mwaka uliofuata "Kufufuliwa kwa Lazaro" ilipata medali, na serikali ya Ufaransa ikainunua. Mfadhili mmoja alipoiona kazi hiyo alimlipia safari ya Misri na Nchi Takatifu, ili azione nyuso, mavazi na nuru ya mahali pale.

Tunda la safari hiyo ni picha ya mwaka 1898 ya Kupashwa Habari Bikira Maria. Tunawashauri waseminari waitafute na kukaa nayo kwa muda katika sala. Maria ni msichana wa kawaida wa nchi ile, ameketi ukingoni mwa kitanda kilichovurugika, amevaa vazi la kawaida lenye mikunjo. Hana taji la nuru wala joho la buluu la kifalme. Malaika hana mabawa wala umbo la mtu. Ni mhimili wa mwanga unaowaka katika chumba cha watu maskini. Msichana anautazama mwanga huo akiwa hajajibu bado. Mtu aliyefahamu kwa mwili wake maana ya kudharauliwa alituonyesha kwamba Mungu alibisha mlango wa nyumba isiyo na cheo. Jumba la makumbusho la Philadelphia, mji uleule wa masomo yake, liliinunua picha hiyo mwaka 1899.

Lakini Tanner alikuwa na mtihani wa pili, usiosemwa mara nyingi. Wazungu waliandika juu ya rangi yake kwanza na picha zake baadaye. Weusi wenzake nao, baadhi yao, walilalamika kwamba ameacha kuchora maisha ya watu wake. Mwanafalsafa Alain Locke, mmoja wa viongozi wa mwamko wa sanaa ya watu weusi wa miaka ya 1920, alisikitika kwamba msanii mkubwa namna ile hakujenga mapokeo ya sanaa ya Kiafrika-Kiamerika. Locke alikuwa na hoja. Watu waliochekwa katika picha kwa karne nzima walihitaji wachoraji wa kuwarudishia heshima. Hata hivyo tunaona hapa namna nyingine ya kumfunga msanii, yaani kumwamulia mapema kile ambacho mtu wa rangi yake anapaswa kuchora. Tanner aliendelea kuchora Injili. Mwaka 1923 Ufaransa ilimpa nishani ya Jeshi la Heshima. Na vijana weusi waliofika Ufaransa kujifunza, kama Hale Woodruff, walimtafuta kama mtoto anavyomtafuta mzee wa ukoo.

3. Marian Anderson: Jumapili ya Pasaka, 1939

Marian Anderson alizaliwa Philadelphia mwaka 1897. Alianza kuimba katika kwaya ya kanisa lao la Kibaptisti angali mtoto mdogo. Baba yake alipofariki, mama alifanya kazi za kufua na kusafisha ili kulisha mabinti watatu. Fedha ya mwalimu wa sauti haikuwapo, hivyo waumini wa kanisa lao walichanga. Kipaji hiki kilichokuja kuheshimiwa duniani kote kililelewa kwa sadaka za watu wa kipato kidogo.

Alipokwenda kujiandikisha katika shule ya muziki ya mji wake, msichana aliyekuwa dirishani aliwahudumia wengine wote, kisha akamwambia kwamba hapo hawapokei watu wa rangi. Hakumwomba aimbe hata noti moja. Marian alirudi nyumbani, akasoma kwa walimu binafsi. Mwaka 1925 alishinda shindano lililowakutanisha waimbaji wapatao 300, akaimba na Okestra ya Filamoni ya New York. Lakini milango mikubwa ya nyumbani ilibaki imefungwa, naye akaenda Ulaya. Huko, katika miaka ya 1930, kumbi zilijaa. Mwongozaji maarufu wa okestra, Arturo Toscanini, alipomsikia Salzburg mwaka 1935, alisema kwamba sauti ya namna hiyo husikika mara moja tu katika miaka mia.

Aliporudi Marekani alishangiliwa jukwaani na kukataliwa hotelini. Mwaka 1937, alipokwenda kuimba Princeton, hoteli ilimnyima chumba. Albert Einstein, yeye mwenyewe mkimbizi wa ubaguzi wa Ujerumani, akamkaribisha nyumbani kwake.

Mwaka 1939 Chuo Kikuu cha Howard kiliomba aimbe katika ukumbi mkubwa wa Constitution Hall mjini Washington. Wenye ukumbi, chama cha wanawake waliojiita Mabinti wa Mapinduzi ya Marekani, walikataa, kwa kuwa ukumbi ulikuwa wa wasanii wa kizungu tu. Eleanor Roosevelt, mke wa Rais, akajiuzulu uanachama wake. Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi, Harold Ickes, akaruhusu tamasha lifanyike hadharani, kwenye ngazi za mnara wa ukumbusho wa Rais Lincoln.

Ilikuwa tarehe 9 Aprili 1939, Jumapili ya Pasaka. Hali ya hewa ilikuwa ya baridi. Marian alivaa koti la manyoya. Watu 75,000, weusi na weupe wakiwa wamechanganyika, walijaa mbele yake, na mamilioni walisikiliza redioni. Alianza kwa wimbo wa kizalendo wa nchi ambayo mji wake mkuu ulikuwa umemnyima ukumbi. Aliimba pia "Ave Maria" ya Schubert, na akamalizia na nyimbo za kiroho zilizotungwa na watumwa. Hakuhutubia juu ya dhuluma aliyotendewa. Aliimba, nao waliosikia wakaamua wenyewe.

Mwaka 1943 aliimba katika ukumbi uleule uliomkataa, kwa mwaliko wa wenyewe, katika tamasha la kuchangia wahanga wa vita. Tarehe 7 Januari 1955 alikuwa mwimbaji wa kwanza mweusi kushiriki katika opera jukwaani mwa Metropolitan, New York. Alikuwa na umri wa miaka 57. Tufurahi, lakini pia tuhesabu: mwimbaji wa opera wa umri huo huwa amekwisha maliza miaka bora ya sauti yake. Mlango ulifunguliwa, miaka iliyopotea nje ya mlango haikurudishwa.

4. Mambo matatu ya kuyashika

Kwanza, wasanii hawa walijibu kama Filipo. Kila mmoja aliiacha kazi yake itoe ushahidi. Hilo lilidai nidhamu kubwa, kwa sababu kazi inayoitwa shahidi haiwezi kuwa ya kubabaisha. Anayedhani kipaji peke yake kinatosha ajiulize Edmonia alipiga nyundo mara ngapi.

Pili, hakuna hata mmoja aliyeshinda peke yake. Tumemwona kaka aliyetuma fedha, mwanasheria aliyesimama mahakamani, mume na mke walionunua picha ambazo hakuna aliyezitaka, na waumini waliochanga. Wengi wao hawakujua kuchonga wala kuimba. Karama yao ilikuwa kuiona karama ya mwingine na kuilipia gharama. Waswahili husema mkono mmoja haulei mwana. Wala haulei msanii.

Tatu, tusiuite uovu baraka. Kuna mahubiri tunayoyasikia, yasemayo kwamba Mungu aliwaletea watu hawa mateso ili wawe wakubwa. Tunaomba tuwe waangalifu. Kipigo cha Oberlin hakikumfundisha Edmonia uchongaji. Mlango uliofungwa haukuongeza sauti ya Marian. Mungu, kwa huruma yake, aweza kutoa jema hata pale watu walipotenda mabaya, kama Yosefu alivyowaambia ndugu zake huko Misri. Lakini mabaya yanabaki kuwa mabaya. Tukumbuke pia kwamba tunawajua hawa watatu kwa sababu walipenya. Wapo waliogeuka dirishani wakarudi nyumbani na hawakuimba tena. Kwa ajili yao dhambi ya ubaguzi haikupata hata hadithi nzuri ya kuifunika.

5. Kanisa nalo liichunguze dhamiri yake

Ingekuwa rahisi kusoma haya kama makosa ya watu wengine. Lakini sisi tunaandika kutoka seminari, na seminari nazo zina historia yao. Augustus Tolton alizaliwa utumwani Missouri mwaka 1854, akiwa mtoto wa Wakatoliki na amebatizwa Mkatoliki. Alipoomba kuwa padre, hakuna seminari ya Marekani iliyompokea. Mapadre wachache waliomwamini walimwombea nafasi Roma, katika chuo cha Propaganda Fide. Alipewa upadirisho tarehe 24 Aprili 1886. Alitazamia kutumwa Afrika. Akatumwa arudi kulekule alikokataliwa. Alifariki Chicago mwaka 1897 akiwa na miaka 43, na mwaka 2019 Papa Fransisko alimtangaza kuwa Mtumishi wa Mungu mwenye heshima. Huyu ambaye hakuonekana kufaa kukaa darasani, leo tunaomba atangazwe mtakatifu.

Kanisa limejifunza na limefundisha. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika konstitusio yake ya mwaka 1963 juu ya liturujia (namba 123), unaeleza kwamba Kanisa halijawahi kuufanya mtindo mmoja wa sanaa kuwa wake pekee, na kwamba sanaa ya mataifa yote ipewe nafasi, mradi itumikie ibada kwa heshima inayostahili. Katekisimu (namba 1935) inafundisha kwamba ubaguzi wa rangi, jinsia, lugha au hali ya maisha ni kinyume cha mpango wa Mungu, na ni lazima ukomeshwe. Mafundisho yapo. Kinachobaki ni kuinuka na kwenda kuona, kama Nathanaeli.

6. Na kwetu?

Huenda msomaji akasema: kwetu hatubaguani kwa rangi. Basi tujiulize kwa uaminifu. Ni mara ngapi, katika kuchagua mwalimu wa kwaya, fundi wa kuchonga msalaba wa altare, au kijana wa kuongoza ibada, swali la kwanza limekuwa "anatoka wapi" au "mtoto wa nani", kabla ya kuuliza anaweza nini? Ni mara ngapi tumeagiza sanamu ya plasta kutoka mbali, huku mchongaji wa parokia yetu akiuza vinyago kando ya barabara, bila hata kutembelea karakana yake? Labda kazi yake haifai kwa ibada. Inawezekana. Lakini hukumu hiyo itolewe baada ya kutazama, isitolewe kabla.

Padre kijana atakayefika parokiani ndiye mara nyingi atakayekuwa dirishani. Watamjia mtoto wa mama muuza mboga mwenye sauti njema, binti anayechora katika daftari la hesabu, fundi asiye na cheti. Wakati mwingine atakuwa ndiye mtu wa kwanza mwenye madaraka kuwatazama. Anaweza kuwa yule aliyesema hatupokei, au akawa yule aliyenunua picha zote ili kijana apate nauli.

Maswali ya kutafakari

1. Soma Yn 1:45-51 na Mk 6:1-6. Watu wa Nazareti walimjua Yesu tangu utoto. Nathanaeli hakumjua kabisa. Kwa nini wote wawili walikwazika, na kwa nini mmoja tu alifunguka?

2. Tazama picha ya Tanner ya Kupashwa Habari Bikira Maria. Inaongeza au inapunguza heshima yako kwa Mama wa Mungu? Eleza kwa nini.

3. Alain Locke alitaka Tanner achore maisha ya watu weusi. Je, msanii Mkristo anadaiwa nini na jamii yake, na jamii haina haki ya kumdai nini?

4. Taja mtu mmoja katika jumuiya yako ambaye karama yake haijawahi kutazamwa kwa haki. Ni hatua gani moja unaweza kuichukua mwezi huu?

Ee Bwana uliyeitwa mwana wa seremala, utusamehe kila mara tulipohukumu kabla ya kuona. Uwakumbuke wote waliorudishwa mlangoni na ambao majina yao unayajua wewe peke yako. Utupe macho ya kutambua kazi ya mikono yako kwa kila mtu uliyemuumba, na miguu ya kuinuka na kwenda kuona. Amina.